Usikope kwa ajili ya laptopu mpya, swahiba

Swahiba wangu,

Salaam nyingi kutoka Dar. Huku sote wazima, na mama anakusalimu sana. Anasema tangu uhamie Masasi umekuwa adimu. Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia korosho zimekubali mwaka huu, ila nilipofika pale unaposema utachanganya pesa ya korosho na mkopo wa saccos ununue laptopu mpya, moyo ulinienda mbio. Nakuomba usisaini huo mkopo kabla hujaimaliza barua hii.

Hiyo ThinkPad T450 yako ni ya mwaka 2015, kweli imekula chumvi. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa maofisini, na watengenezaji waliacha nafasi ya kuifungua na kubadilisha vitu. Laptopu mpya utakayoimudu kwa pesa uliyoitaja nazijua, ninaziona kila siku hapa Kariakoo: prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya 4GB iliyochomelewa kwenye ubao wake, na hifadhi ya 64GB ambayo Windows peke yake inaila karibu nusu. Ikikushinda baada ya mwaka, huna pa kuongeza kitu. Utakuwa unalipa deni la mashine isiyoifikia hata uliyoiacha.

Unasema ukiiwasha unapata muda wa kuchemsha chai, na Word ikifunguka inaganda. Fanya hivi kabla ya kununua chochote. Iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha ingia sehemu ya Performance. Tazama mstari wa diski. Nina hakika kubwa utakuta imekaa kwenye asilimia 100 wakati prosesa haifanyi kazi ya maana. Ugonjwa wenyewe ndio huo. Diski yako ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, na ndani yake kuna mkono unaosogea huku na huku kutafuta faili. Kila safari ya huo mkono inakula milisekunde kadhaa, na Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Inajibu kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende huko. Ukiwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha hicho na mengine yasubiri.

Mwambie muuzaji unataka SSD ya SATA, ndiyo aina ya kiunganishi cha diski yako, inchi 2.5, unene wa milimita 7. GB 480 au 512 zinakutosha kabisa. Asikubambikie ile nyembamba kama kipande cha bazoka inayoitwa M.2, hata akikuapia kwamba ina kasi zaidi. Pale ilipokaa diski yako haiwezi kukaa. Wala usilipie zaidi kwa ajili ya namba kubwa za kasi zilizoandikwa kwenye boksi, maana njia ya SATA yenyewe inaishia kwenye MB 550 hivi kwa sekunde. Jihadhari na feki. Zipo SSD zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 kumbe ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganyishwa, na faili zako zinapotea ukishajaza kile kidogo kilichopo. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, ondoka.

Kitu cha pili ni RAM. Humo humo kwenye Task Manager bonyeza Memory, utaona nafasi ngapi zimetumika. T450 ina nafasi mbili, na yako, kama sijasahau, ina 4GB kwenye moja tu. Chomeka 8GB kwenye ile iliyo wazi, upate 12. Inakubali hadi 16. Aina ya RAM iwe DDR3L, hiyo L usiisahau, ndiyo ya volti 1.35. DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali pengine, na ukilazimisha unaua ubao mzima. RAM ya mtumba mimi sina shida nayo, ni kitu kisichochakaa haraka. SSD ya mtumba ndiyo nisiyokushauri.

Prosesa usiiguse wala usimsikilize fundi atakayekuambia anaweza kukubadilishia. Imechomelewa. Na kwa kupanga mitihani, kuandaa matokeo na kuangalia video za masomo, hiyo prosesa yako ya i5 inakutosha.

Kuifungua utaweza mwenyewe, bisibisi ndogo ya nyota inatosha. Hamisha kwanza faili zako zote kwenye flashi au diski ya nje: mitihani, picha za harusi ya dada, kila kitu. Halafu sikiliza hapa vizuri, maana hata mafundi wengine hawapajui. T450 ina betri mbili, moja unaichomoa kwa nyuma, nyingine imefichwa ndani. Ukichomoa ya nyuma peke yake, ubao bado una umeme. Izime, iwashe tena huku ukibonyeza F1 mpaka uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery. Itajizima yenyewe. Hakikisha chaja imechomolewa, ndipo utoe betri ya nyuma na uigeuze mashine. Skrubu za kifuniko cha chini zinalegea lakini hazitoki, zimeshikiliwa humo humo, usizivute. Zikishalegea zote, pitisha kadi ya zamani ya benki kwenye ukingo, utasikia vishikizi vikiachia kimoja kimoja. Kabla ya kugusa ndani, shika kitu cha chuma ili umeme tuli wa mwilini utoke.

RAM iingize kwa kuilaza kidogo, nyuzi 30 hivi, mpaka ule mstari wa dhahabu uzame wote, kisha ikandamize taratibu. Vile vikono viwili vya pembeni vinabana na kulia "tak". Visipolia, haijakaa, na ukiiwasha itakupigia mlio bila kuonyesha picha. Ikitokea hivyo usiogope, ichomoe uirudishe. Ukishakuwa ndani, puliza vumbi kwenye feni, ukiizuia kwa kidole isizunguke. Vumbi jekundu la huko ndilo linaloipandisha joto.

Diski ya zamani usiitupe. Inunulie kasha la USB, uifanye ya kutunzia nakala za faili zako.

Kuhusu Windows ya kuweka kwenye SSD mpya: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yako ni ya kizazi cha 5. Vijana wa mjini watakupigia Windows 11 kwa njia za panya. Mimi kwa mashine yenye matokeo ya wanafunzi sipendi. Ningekuwekea Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, bure, mwepesi, na LibreOffice, programu zake za ofisi, inafungua faili za Word. Kikwazo ni kimoja, yale majedwali ya matokeo ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, huenda yakagoma. Nitumie jedwali moja kwa WhatsApp nikalijaribu hapa kabla hujaamua.

Betri iwe ya mwisho. Ukiwa bado na Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo iliyotoka nao kiwandani na inaoubeba sasa. Ikishuka chini ya nusu, badilisha ile ya nyuma tu. Ukipata ya seli sita, hata umeme ukikatika jioni unamaliza kuandaa mtihani. Tena ya ndani inaishikilia mashine wakati unabadilisha ya nyuma, huna haja ya kuizima.

Ukiogopa kununua huko, nitakuchagulia vitu hapa na kuvijaribu kwenye mashine ya dukani, kisha nikupakilie kwenye basi la Kusini pale Mbagala. Ila nitumie kwanza picha ya Task Manager, ya diski na ya Memory, nisinunue kwa kubahatisha. Usiku wa kuvifunga vitu hivyo tupigiane simu ya video, weka simu juu ya kitu nione mikono yako, tutaifungua pamoja.

Pesa ya korosho itakayobaki, ezeka lile banda uliloniandikia.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndimi swahiba wako,
fundi wa Kariakoo