Tuwape watoto wa judo mahali pa kuangukia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wale ambao tangu turudi kutoka Nairobi wananisimamisha sokoni kuniuliza swali lile lile: "Haya mama, wamerudi na nini?" Mimi ni mzazi wa mmoja wa watoto 11 wa klabu yetu ya judo hapa Mtwara waliokwenda kambini Kenya likizo ya Juni, na nilifuatana nao kama mlezi wa wasichana. Wengi wanaouliza walituchangia nauli. Wana haki ya kujibiwa.

Medali hawakurudi nayo hata moja, kwa sababu kambi si mashindano. Kule watoto wanaamka saa 12 asubuhi, wanakimbia, wanarudi kufanya uchikomi, yaani kuingia mbinu ile ile tena na tena bila kumtupa mwenzako, na jioni wanapambana kirafiki mpaka kola za sare zinalowa jasho. Hakuna anayeandika nani kamwangusha nani. Binti yangu amerudi na kitu ambacho sikuwahi kukifikiria wakati tunapitisha daftari la michango: amerudi anajua kuanguka.

Siku ya kwanza haikupita hata nusu saa, kocha mwenyeji akasimamisha mazoezi na kuwatenga watoto wetu pembeni. Nilidhani wamefanya utovu wa nidhamu. Kumbe alikuwa ameona jambo. Kila mtoto wetu alipoinuliwa kutupwa, ama alimng'ang'ania mwenzake kwenye kola, ama alitanguliza kiganja chini kama anayejikinga asidondoke matopeni. Mwili mzima umekakamaa, shingo imekaza. Akanifuata nilipokaa akaniuliza kwa upole, nyumbani wanafanyia mazoezi juu ya nini?

Nikamweleza. Juu ya maranda ya mbao tuliyoomba kwa mafundi seremala, tukayamwaga ndani ya fremu ya mabanzi na kuyafunika kwa turubai lililokazwa kwa misumari. Wiki ya kwanza ni laini. Baada ya wiki mbili yameshashindiliwa na miguu, yamekuwa magumu kama sakafu ya saruji. Mvua ikinyesha maji yanapita kwenye mshono na maranda yanavimba upande mmoja. Katikati, pale wengi wanapoangukia, pana bonde ambalo turubai limegusa ardhi, na kovu lililo kwenye kiwiko cha kulia cha binti yangu alilipata hapo. Yule kocha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema watoto hawa hawamwogopi mpinzani, wanaogopa chini.

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Mtoto ambaye chini kumemuumiza mara ishirini, hata umpe mwalimu gani, atacheza akiwa na hofu mgongoni. Judo huanza na kuanguka kabla ya kumwangusha mtu. Wajapani wanaita ukemi: kidevu unakivuta kifuani, mgongo unaukunja uwe mviringo, na mkono unauchapa kwenye mkeka ili kishindo kisiishie sehemu moja ya mwili. Ukikosea, kinachopigika ni kisogo. Hilo mzazi yeyote anapaswa kulijua kabla ya kumwandikisha mtoto.

Basi watoto wetu walifundishwa kuanguka siku mbili nzima. Wenzao wa Nairobi wanapambana, wao wanaanguka. Nyuma, kushoto, kulia, mbele kwa kubiringika. Ukumbi mzima unasikia paa, paa, paa. Usiku bwenini wasichana walikaa kitandani wakilinganisha viganja vilivyoiva wekundu, na mdogo wao, mwenye miaka 12, alilia kidogo akiwa amejifunika blanketi, kwa uchovu na kwa baridi pia. Juni ya Nairobi si mchezo kwa mtoto wa pwani. Mji ule uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na watoto waliozoea pumzi ya Shangani, ufukweni kwetu Mtwara, walikuwa wanahema dakika ya pili tu.

Siku ya tatu binti yangu alipangwa na msichana wa uzito wake, mwenye mkanda wa kijani, yaani daraja la juu kidogo ya wanaoanza. Akatupwa kwa osoto-gari, ile ya kufagiliwa mguu kwa nyuma. Nilisimama. Mkono ukachapa mkeka, mwili ukatua, na kabla sijafika alishaamka anacheka. Alitupwa mara nne nyingine jioni ile. Mara ya sita aliingia yeye. Hakufanikiwa, ila nilimwona akiingia kwa mwili wote, bila kuacha mguu mmoja nyuma wa kukimbilia. Kwetu Mtwara sikuwahi kumwona hivyo.

Hicho ndicho walichorudi nacho. Na sasa wamerudi kwenye turubai lile lile.

Najua kuna wanaosema fedha za safari zingenunua mikeka. Nimelifikiria sana, maana mchango wenyewe haukuwa mwepesi. Juni ni mwezi ambao mkulima wa korosho hana kitu. Anahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho na kupalilia, na fedha ya mnada iko mbali, Oktoba huko. Baba mmoja alitoa magunia mawili ya mihogo mikavu tukauza. Mama mwingine alikuwa amepanga kumpeleka binti yake unyagoni likizo hiyo hiyo, vyakula vimeshaanza kukusanywa, akaenda mwenyewe kuzungumza na bibi wa mtoto na nyakanga, na wazee wakaridhia asubiri. Namshukuru bibi yule hadharani. Na kuna hati za kusafiria: ofisi moja ilimdai mtoto yatima barua ya ridhaa ya baba, cheti cha kifo kikiwa mezani mbele yao, ikabidi turudi siku tatu mfululizo. Baada ya hapo ndipo basi la kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kisha Arusha, kisha Namanga.

Hata hivyo, tusingekwenda tusingejua. Sisi wazazi, na hata mwalimu wao anayejitolea bila malipo, tuliamini watoto ni waoga au hawana kipaji. Tuliwagombeza. Mimi mwenyewe nilimgombeza binti yangu kwa kung'ang'ania kola. Ilibidi tutoke nje ya nchi mtu mwingine atuonyeshe kwamba kosa lilikuwa chini ya miguu yao.

Ninachoomba si jumba la michezo. Jigoro Kano, mwalimu aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alianza katika chumba cha hekalu chenye tatami 12 tu, yaani mikeka ya Kijapani. Leo mchezo huo uko Olimpiki tangu 1964 kwa wanaume na 1992 kwa wanawake, na Mtanzania, Andrew Thomas Mlugu, amecheza judo Paris mwaka 2024 katika uzito wa kilo 73. Tatami moja ya mazoezi ina mita moja kwa mbili. Uwanja mdogo kabisa wa mashindano, mita 8 kwa 8, unahitaji tatami 32, bila kuhesabu za pembeni za usalama. Kwa mazoezi ya watoto wetu hata 24 zingetosha kuanzia.

Zikipatikana zinataka paa na sakafu tambarare, na hapa ndipo nina pendekezo. Mkoa wetu una maghala ya korosho. Kuanzia Oktoba huwezi kutia hata mguu, magunia yamefika darini. Lakini msimu ukiisha nimepita mbele ya maghala ambayo milango yake imefungwa kwa kufuli miezi mingi. Naelewa kwamba siku hizi ufuta na mbaazi nazo zinapitia ghalani, kwa hiyo si yote yaliyo wazi. Naomba kona moja ya ghala moja, mita 10 kwa 10, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12. Tatami zinabebeka, msimu ukianza tutazikusanya wenyewe na kuzihifadhi majumbani, kila familia tatami zake mbili. Wazazi tumeshakubaliana kufagia na kulinda.

Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na Manispaa ya Mtwara-Mikindani wanaweza kulijadili hili bila kuhitaji bajeti mpya. Na wakulima wenzangu, minada ikishaanza tutapita tena na lile daftari. Safari hii hatuombi nauli.

Mpaka hapo watoto wako Chikongola kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni. Wiki iliyopita walifukua maranda yote wakayaanika juani, wakaziba lile bonde la katikati kwa magodoro mawili chakavu. Yanasogea kila mtoto anapotua, na kati yake umebaki ufa wa upana wa kiganja. Mwenye ghala, au mwenye godoro la tatu kwa sasa, anakaribishwa kuonana na mwalimu wao pale pale.

Mama wa mcheza judo,
Chikongola, Mtwara