Macho yako, Nyambura

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Nyambura,

Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa moyoni tangu Jumatano: sukari itaharibuje macho ilhali huumwi popote, na namba za matatu unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara? Nami niliuliza vivyo hivyo siku niliyompeleka mama kliniki ya macho.

Walimtia matone ya kupanua mboni, tukangoja kwenye benchi kama nusu saa, kisha wakampiga picha ya ndani ya jicho. Daktari akaniita nitazame skrini. Nyambura, mle ndani mna uzuri! Rangi ya papai bivu lililopasuliwa, na mishipa ya damu imetawanyika kutoka mahali pamoja kama mizizi. Halafu akaweka ncha ya kalamu kwenye vitone vyekundu, vidogo kuliko mbegu za mchicha. Ni vishipa vilivyotuna kuta, akasema. Na mama asubuhi ile alikuwa ametunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Hapo ndipo nilipoisikia oksidi ya nitriki. Ni gesi, atomu 1 ya naitrojeni na 1 ya oksijeni, ile ile inayotoka pia kwenye moshi wa magari. Seli zilizotanda upande wa ndani wa mshipa huitengeneza, nayo hupenya hadi kwenye misuli inayouzunguka mshipa. Misuli hulegea, mshipa ukapanuka, damu ikapita. Sekunde chache tu gesi imekwisha, ikabidi itengenezwe nyingine, usiku na mchana. Wamarekani 3, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kwamba gesi hii ni mjumbe katika mishipa yetu.

Lakini lililonishika zaidi ni hili. Mishipa mingi mwilini ina neva za kuiamrisha ifunguke au ijikaze. Mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina. Hutegemea ujumbe wa papo hapo, na oksidi ya nitriki ni mmoja wa wajumbe wakuu. Mtu mwenye afya akimulikwa taa inayomemeteka, retina huhitaji chakula zaidi na mishipa yake hupanuka kidogo. Kwa wenye kisukari watafiti wameona upanukaji huo ukipungua, hata kabla kitone kimoja hakijaonekana kwenye picha. Sukari ikikaa juu muda mrefu, ndani ya mishipa huzalishwa kemikali kali zinazoidaka gesi ile njiani na kuigeuza sumu. Misuli haipati ujumbe, na kuta za mshipa nazo zinaliwa polepole. Retina haina neva za maumivu, dada, ndiyo maana husikii kitu.

Umeuliza pia kuhusu mboga. Mchicha na mboga nyingine za majani zina kemikali iitwayo naitreti, na bakteria wa ulimini huanza kuigeuza mpaka mwili ukapata oksidi ya nitriki kwa njia hiyo nyingine. Kula, tena kula kwa wingi. Ila tembe zako usiziache hata siku moja, na presha upimwe pia.

Mama aliambiwa ashushe sukari na arudi kupigwa picha tena. Tulipotoka, jua la saa saba lilikuwa likimetameta juu ya mabati yote ya barabarani, na mboni zake zilikuwa bado wazi kabisa. Akajifunika uso kwa leso, nikamshika mkono hadi stejini.

Wewe hujawahi kupimwa macho hata mara moja tangu uambiwe una sukari, na hilo linaninyima usingizi. Chukua siku kliniki huko Nakuru, uniandikie tarehe. Nitafika jioni ya kuamkia siku hiyo, maana ukishatiwa matone hutaweza kuvuka barabara peke yako.

Nisalimie watoto.

Wako,
Achieng'