Hudi ya lenzi isivaliwe kinyume

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wapiga picha wenzangu wa harusi na wa ufukweni hapa Unguja. Wengi wana hudi, kile kikingio cheusi cha mdomoni mwa lenzi, lakini wanapiga kazi nzima ikiwa imegeuzwa nyuma, vile inavyowekwa mkobani. Ikiwa hivyo haikingi kitu, na inaziba pete ya zumu, ile ya kuvuta picha karibu.

Hudi inazuia mwanga usiomo ndani ya picha. Jua la saa kumi na moja jioni pale Forodhani hupiga kioo kwa ubavu, likarukaruka baina ya vioo vya ndani, na buibui jeusi likatoka la kijivu. Paje na Jambiani ni zaidi, maana mchanga mweupe nao unarudisha mwanga kutoka chini. Itazameni lenzi kwa mbele: mkiona jua bado limeangukia kioo, ongezeni kivuli cha kiganja, mradi kisiingie pichani. Jua likiwa ndani ya picha yenyewe, hudi haisaidii.

Kwenye kununua ndiko watu wanakoumia. Mtu anaulizwa kipenyo tu, anajibu milimita 58, anapewa yoyote inayoingia. Kipenyo hakitoshi. Lenzi ya milimita 18 inaona pana, inataka hudi fupi. Ya 200 inataka ndefu. Ukiivisha ya 18 hudi ndefu, pembe za picha zinakuwa nyeusi. Ulizeni namba ya hudi yenyewe: Canon EF-S 18-55 yenye alama ya STM huvaa EW-63C, na EF 50 f/1.8 ya STM huvaa ES-68. Kabla ya kulipa, fungua zumu hadi 18, weka tundu la lenzi kwenye f/11, piga ukuta mweupe, kisha kagua pembe zote nne.

Hudi yenye majani, yaani ambayo ukingo wake una vipande virefu na vifupi, izungushwe mpaka ilie "tak", majani marefu yakae juu na chini. Ikibaki nusu njia, inakata pembe. Zipo lenzi za zamani ambazo mdomo wake huzunguka zinapotafuta fokasi; hizo, kama hudi ni ya kufunga kwenye nyuzi za filta, zipewe ya duara, kwa sababu majani yatazunguka nao.

Ukumbini, ukitumia ile flashi inayoinuka juu ya kamera, vua hudi. Usipoivua, kivuli cha nusu duara kitalala chini ya picha, juu ya gauni la bibi harusi, na hapo hakuna wa kukusamehe.

Ukitoka pwani, safisha mifereji ya kufungia kwa brashi laini, pangusa chumvi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kausha. Mchanga ukisagika humo, meno ya plastiki yanalika, na hudi itadondoka baharini siku ya kusi ukiwa ndani ya ngalawa.

Mpiga picha,
Mjini Unguja