Salamu za Noeli kutoka Babati, 2024

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Wenzetu Walutheri wa KKKT na wa makanisa mengine, Bwana asifiwe. Na nyie majirani zetu Waislamu, ambao sahani zenu za pilau tunazitegemea kila Idi, nawasalimu pia. Za kwetu zinakuja Jumatano.

Kwa kawaida salamu za sikukuu ni fupi: heri ya Noeli, baraka tele, mwisho. Mwaka huu mniwie radhi nikirefusha, maana huku kwetu Manyara sikukuu hii haiji tena peke yake. Tangu mwaka jana inakuja imeshikana mkono na tarehe 3 Desemba, siku Mlima Hanang ulipoporomoka. Kuna mkulima namfahamu chini ya mlima huo ambaye mwezi mzima wa Novemba aliomba mvua kwa ajili ya mahindi yake, na ilipoanza kunyesha usiku akatoka nje na tochi kuusikiliza mlima. Akirudi ndani halali. Anasema mkewe naye halali, ila wanajifanya.

Jumapili ile, 3 Desemba 2023, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, Mwaka B wa masomo ya Kanisa. Wanaofuata kalenda ya liturujia wanajua kwamba somo la kwanza la siku hiyo linatoka kwa nabii Isaya, sura ya 63 na 64. Watu waliochoka wanamlilia Mungu apasue mbingu ashuke, milima itetemeke mbele zake. Maneno hayo yalisomwa makanisani asubuhi ileile ambayo Hanang ilimeguka ikashuka na tope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Msomaji wetu hapa Babati hakujua. Tuliokaa kwenye mabenchi hatukujua, simu zimezimwa kama inavyotakiwa. Tukaitikia "Tumshukuru Mungu". Habari tulizipata tukitoka nje, simu zilipowashwa.

Mistari michache mbele, somo hilohilo linasema sisi tu udongo na Mungu ndiye mfinyanzi. Miezi mingi mstari huo sikuweza kuusoma.

Waliofariki walifikia 89. Taarifa za serikali za siku za mwanzo zilitaja kaya 1,150 zilizoathirika, zenye watu 5,600, pamoja na ekari 750 za mashamba. Kuna waliodhani volkano imeamka. Wataalamu wakaeleza kwamba mvua zilipita kiasi, na sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia.

Maelezo hayo hayakuwatosha wahubiri fulani, ambao siwataji. Walikuwa na maelezo yao: watu wa pale wamemkosea Mungu, mlima umetumwa. Nilimsikia mmoja akiyasema hayo kwa kipaza sauti wakati maiti bado zinatafutwa. Niseme bila kuzunguka: ule ulikuwa ukatili uliovishwa kola. Yesu mwenyewe alilikuta jambo hilihili, liko Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, naye akawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Ni kweli aliongeza neno la toba, lakini alilielekeza kwa walio hai waliokuwa wanamsikiliza. Waliofunikwa na mawe hakuwagusa.

Sasa hapo ndipo Noeli inaponiingia. Kilio cha Isaya kilijibiwa, ila kwa namna ambayo sidhani kama kuna aliyeitarajia. Mbingu zilifunguka kweli, na walioona ni wachungaji wa kondoo waliokuwa zamu ya usiku. Mlima haukutikisika hata mmoja. Mungu alishuka kwa uchungu wa mama aliyekuwa safarini kwa sababu ya orodha ya Kaisari Augusto, akalazwa horini kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Sisi wafugaji tunalijua hori: lina mate ya ng'ombe na harufu isiyotoka. Kama huko ndiko alikoamua kuanzia, basi mimi nimeacha kumtafuta ndani ya lile tope. Namtafuta kwa waliovua viatu wakaingia humo kuchimba.

Na walikuwa wengi. Askari wa JWTZ na JKT, Msalaba Mwekundu, vijana wa bodaboda waliobeba watu bila kuuliza nauli. Rais alikatisha safari yake ya Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akaja Katesh. Madarasa ya shule yakawa mabweni. Haya yote yalitangazwa, mliyaona. Mimi nataka kusema habari ya kitu ambacho hakikutangazwa: daftari.

Mnajua jumuiya zetu ndogondogo, vile vikundi vya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya hizo, na tangu hapo tunazilalamikia. Jumamosi alfajiri, kabla hata chai haijashuka, mmekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa mtu, mnasoma Injili ya kesho. Katibu anaita majina. Mweka hazina anakumbusha michango kwa sauti ya mtu anayedaiwa yeye. Usipohudhuria, siku ukifiwa unaulizwa, "Wewe ni wa jumuiya gani?" Wengi wetu tunakwenda kwa kuogopa swali hilo tu, tuseme ukweli.

Katibu wa jumuiya moja ya huko chini alinieleza kwamba siku za mwanzo, watu walipokuwa wanatafutana, alilitoa daftari lake la mahudhurio. Lilikuwa na majina ya kaya zote za mtaa wao, watoto, wageni waliohamia, hata kijana aliyepanga chumba na kuhudhuria mara mbili tu. Akapita nalo madarasani, anaweka alama. Huyu yupo. Huyu yupo hospitali. Huyu bado. Waliokuwa na kadi za NIDA, vitambulisho vya taifa, walikuwa wamezipoteza kwenye tope. Kilichobaki kuonyesha kwamba fulani aliishi pale, na alikuwa na watoto wanne wala si watatu, ni lile daftari lenye doa la chai. Orodha ya Kaisari ilitaka kujua watu ni wangapi. Ya katibu ilitaka kujua nani hajaonekana. Tangu nisikie habari hiyo silalamiki tena jina langu likiitwa.

Jumuiya yetu ilikusanya unga, mablanketi, sufuria na nguo. Hapa niweke neno la kando: ndugu zangu, mtu aliyepoteza nyumba hajapoteza heshima yake. Ile suruali isiyo na zipu na kiatu cha mguu mmoja mlichotuletea tulikitupa.

Noeli ya mwaka jana ilifika baada ya wiki tatu tu. Kuna waliokwenda kusali na kuna waliojifungia ndani, na sioni kosa kwa aliyejifungia. Alikuwepo baba aliyekaa nje ya kanisa misa nzima, mgongo ukutani. Mzee wa jumuiya yake akatoka akakaa naye, hawakusema kitu mpaka baraka ya mwisho. Nadhani mahubiri ya siku ile yalikuwa hapo nje. Kwa hiyo nawaomba, mkienda kwa mfiwa sikukuu hii, acheni kumwambia kwamba Mungu alimpenda marehemu zaidi. Pelekeni mkaa. Chambueni mchele. Mtajieni marehemu kwa jina, maana watu wanaogopa kulitaja, na mfiwa anakufa kiu ya kulisikia.

Mwaka umepita. Huko Waret, wilayani Hanang, zimejengwa nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliopoteza makazi, nyumba za matofali na mabati, na kila aliyeshiriki apokee shukrani. Ila nyumba mpya ina majirani wapya. Aliyekuwa anakuazima chumvi sasa yuko mtaa mwingine, au hayupo kabisa. Ndiyo maana nafurahi kusikia kwamba huko watu wameanza kusali pamoja nyumba kwa nyumba, Wakatoliki na Walutheri kila mmoja na utaratibu wake, na kwenye misiba wote pamoja na Waislamu. Daftari jipya limeshafunguliwa.

Usiku wa mkesha, tarehe 24, Baba Mtakatifu Fransisko anafungua Mlango Mtakatifu pale Basilika ya Mtakatifu Petro, Vatikani, Roma, na mwaka wa Jubilei, mwaka wa toba na msamaha, unaanza. Kwenye majimbo ya Kanisa, na kwetu jimbo la Mbulu, ufunguzi ni Jumapili tarehe 29. Kaulimbiu ni mahujaji wa matumaini. Hujaji ni mtu wa miguu, anakwenda mahali. Wengi wetu hatutafika Roma, nauli ya huko tunaijua kwa kusikia tu. Katesh basi linakwenda kila siku.

Basi nawatakia Noeli njema. Wewe uliye Oman au Dubai kwa kazi za watu, ambaye siku hiyo utapika sikukuu isiyo yako, tunakutaja kwenye sala ya jumuiya kwa jina. Wewe uliye wodini. Wewe mama unayehesabu sare, madaftari na nauli ya mtoto wa kidato cha kwanza, ukijua Januari ilivyo ndefu: usione aibu kusema Jumamosi kwenye jumuiya, ndiyo sababu tunakutana. Wewe ambaye imani imekuishia mwaka huu, njoo tu ukae. Tutasali sisi, wewe kunywa chai.

Na kwa walio karibu: Alhamisi tarehe 26 tunakwenda Waret. Tunaondoka saa moja asubuhi kutoka kanisani. Mchele upo, mafuta yapo, mbuzi mmoja ameahidiwa na aliyeahidi anajijua. Tunakosa sufuria kubwa mbili na mtu wa kupiga ngoma. Njoo na sahani yako na kiti chako.

Ndugu yenu katika Kristo,
Babati, Manyara