Barua ya kufunga muhula: habari ya nishani ya kasisi wetu

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA KABATI JIPYA LA NISHANI

Nawasalimu nyote. Muhula unafungwa Ijumaa hii saa sita mchana, na bweni litafungwa saa kumi jioni. Ripoti zitatolewa madarasani kuanzia saa tatu asubuhi. Naomba mzazi au mlezi afike mwenyewe, maana walimu wa madarasa wana mengine ya kuzungumza nanyi ambayo hayaenei kwenye karatasi. Vitabu vya maktaba virudishwe kabla ya siku hiyo.

Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwa jambo ambalo baadhi yenu mmeshaniuliza kwa wasiwasi. Lile kabati la mbao lililokuwa ukumbini halipo tena, na wapo waliodhani nishani ya kasisi wetu imeibwa au imeuzwa. Haijaibwa wala haijauzwa. Tumeihamisha ili isiishe.

Kwa wazazi wapya: ni Msalaba wa Kijeshi wa Uingereza, nishani iliyoanzishwa tarehe 28 Desemba 1914. Aliyetunukiwa alikuwa mwalimu hapa kabla ya kwenda Vita Kuu ya Kwanza kama kasisi wa jeshi, akiwa hana silaha, na familia yake ndiyo iliyoikabidhi shule. Ni msalaba wa fedha wenye taji kwenye ncha ya kila mkono, unaoning'inia kwenye utepe mweupe wenye mstari wa zambarau katikati. Nishani hizi zilitolewa bila jina la mtu. Aliyetaka jina lake likae nyuma alimpelekea sonara mwenyewe, na kasisi wetu alifanya hivyo.

Jina hilo ndilo tulilokaribia kulipoteza. Kwa miaka mingi ilikuwa heshima kubwa kwa kiranja kuing'arisha nishani kila mwaka kabla ya siku ya kumbukumbu, na mimi mwenyewe nimesimama pembeni nikipiga makofi. Hatukujua kwamba dawa ya kung'arishia fedha haiondoi weusi peke yake. Kila inaposuguliwa huondoka na tabaka jembamba la fedha yenyewe. Ule weusi ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani. Ukiusugua mara moja huoni hasara, ukiusugua kwa miongo kadhaa, taji zinakuwa vidonge na herufi zinabaki kama mikwaruzo.

Kabati la zamani nalo lilichangia. Ndani lilitandikwa kitambaa cha sufu, na sufu hutoa salfa. Kwa hiyo sisi wenyewe tuliilaza nishani juu ya kitu kilichokuwa kikiitia weusi, kisha tukashangaa kwa nini inahitaji kung'arishwa tena.

Mhifadhi wa makumbusho aliyekuja kutushauri aliwafundisha wanafunzi wa klabu ya historia jambo ambalo sitalisahau. Chumba kilizimwa taa, nishani ikalazwa kifudifudi, mwanafunzi mmoja akashika tochi chini kabisa, ubavuni, mwanga ukapita juu ya fedha kwa kuambaa. Herufi zikainuka vivuli. Wakalisoma jina lote, herufi moja baada ya nyingine, kwa sauti, na mwaka uliochongwa chini yake, ambao hakuna aliyejua kuwa upo. Tumepiga picha, na picha hizo zimewekwa sehemu tatu tofauti.

Sasa nishani imekaa kwenye kabati la kioo na chuma, lililozibwa vizuri, juu ya karatasi isiyo na asidi. Chini yake kuna chembe za silika zinazonyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu ambacho wanafunzi wawili wa zamu hukisoma kila asubuhi na kuandika daftarini. Tunajitahidi unyevu usizidi asilimia 45. Aliye na sababu ya kuigusa huvaa glavu, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huacha alama zinazokula fedha polepole. Haitang'arishwa tena. Mtaiona ina rangi ya kijivu, na naomba msione kwamba tumezembea.

Utepe ulitupa kazi zaidi. Ni wa hariri, na hariri ikishachujuka kwa mwanga hairudi. Taa ya kabati imepunguzwa hadi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), yaani mwanga hafifu, na juu ya kioo tumeweka kitambaa cheusi kinene. Anayetaka kutazama hukifunua.

Wakati wa kazi hii nimemfikiria sana mwalimu mkuu mwenzangu wa zamani, Theodore Bayley Hardy, aliyeongoza shule ya Bentham huko Yorkshire, Uingereza, hadi 1913. Alikwenda vitani kama kasisi mwaka 1916 akiwa na miaka 52, umri ambao hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki nyumbani. Alipata Msalaba wa Kijeshi kama huu wetu, nishani ya DSO, ambayo ni ya maofisa kwa utumishi uliotukuka, na Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa kukaa na majeruhi mahali ambapo wengine hawakuweza kufika. Mfalme George wa Tano alimvisha huo wa mwisho Agosti 1918. Oktoba alipigwa risasi, akafia Rouen, Ufaransa, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 55. Niliwasimulia wanafunzi habari zake asubuhi moja mstarini, na kwa mara ya kwanza muhula huu sikulazimika kumnyamazisha mtu.

Nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna barua, picha au kitu chochote cha kasisi huyu au cha mwalimu mwingine wa zamani, msikisafishe, msikigandishe kwa gundi wala kukitia kwenye mfuko wa plastiki. Kileteni kama kilivyo, ndani ya bahasha ya karatasi. Tutakipiga picha mbele yenu na kuwarudishia siku hiyo hiyo.

Ijumaa kabati litakuwa wazi kwa wazazi kuanzia saa nne, na wanafunzi wa zamu watakuwapo kujibu maswali. Kitambaa mtakifunua wenyewe. Mkishatazama, tafadhali kirudishieni.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu