Warsha za picha ufukweni zipangwe kwa maji, si kwa Jumamosi

Mhariri,

Tangazo la warsha ya picha za pwani huwa na tarehe, ada na picha moja ya machweo ya rangi ya chungwa. Jambo linaloamua kama mwanafunzi atarudi na picha au na mchanga viatuni halimo: saa hiyo maji yatakuwa wapi? Sisi ni wakufunzi wa picha za mandhari ya bahari. Tunawaomba waandaaji wapange warsha zao wakiwa na jedwali la maji kupwa na kujaa mkononi, na wanafunzi waliulizie kabla ya kulipa.

Waandaaji wengi huweka kila Jumamosi ya mwezi, saa ileile, ufuo uleule. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Zidisha kwa siku 7, unapata karibu saa sita. Ufuo uliokuwa mpana na unaong'aa machweo ya Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo utakuwa umemezwa na maji, na kundi la pili, lililolipa ada ileile, halitakuwa na pa kusimama. Jumamosi ya tatu ufuo unarudi. Zipo pwani ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku, na zipo bahari ambazo maji yake hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Huko hesabu ni nyingine, na jedwali la mahali husika litaeleza.

Kuna pia bamvua na maji mafu. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji hutoka mbali na kujaa sana. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na hapo bahari husogea kidogo. Kwa wanaoanza, siku za maji mafu ndizo bora, kwa sababu mandhari haibadiliki upesi na mkufunzi ana nafasi ya kumrudia kila mmoja. Bamvua tungewapa wanaotaka miamba iliyofichuka, vidimbwi na mistari ya mchanga. Lakini mwandaaji ajue jambo hili ambalo wengi hulikosa: mahali pamoja, kupwa kwa bamvua huangukia saa zilezile za siku, mwezi baada ya mwezi. Ikiwa katika ufuo fulani bamvua hupwa adhuhuri, hutaipata alfajiri hata usubiri mwaka mzima. Itabidi utafute ufuo mwingine.

Tukiulizwa hali ipi ni nzuri kuliko zote kwa warsha ya jioni, tutajibu: maji yawe yamejaa saa mbili au tatu kabla ya machweo, ili jua linapozama yawe yanatoka. Maji yanayotoka huacha mchanga uliolowa, na mchanga uliolowa ni kioo. Rangi ya mbinguni inaonekana mara mbili. Kila wimbi linafuta nyayo za waliotangulia. Na watu wanaposogea mbele, bahari inasogea nyuma. Maji yanayoingia hufanya kinyume cha yote hayo.

Kujua kasi ya maji, gawa kimo baina ya kupwa na kujaa kwa mafungu 12. Katika saa ya kwanza maji husogea fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ikiwa tofauti ni mita 3, saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 25 tu, na mtu atadhani bahari imelala. Saa ya tatu yatapanda sentimita 75. Hapo ndipo vikundi hukatiwa njia, hasa penye fungu la mchanga lenye mfereji nyuma yake: mfereji hujaa kwanza, huku watu wote wakitazama mbele wanakopiga picha.

Sasa mwanga. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta hushuka karibu wima, kwa hiyo kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuugusa huchukua dakika 24 hivi. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta jua hushuka kwa mshazari na muda hurefuka. Chukua hizo dakika 24 uzigawe kwa wanafunzi 10 wenye mkufunzi mmoja. Kila mmoja anapata dakika mbili na nusu kasoro, na ndani yake mkufunzi amtazame, agundue kosa, alieleze na aone likirekebishwa. Haiwezekani. Wanafunzi 6 kwa mkufunzi mmoja ndio ukomo, na tungependa wawe 4. Warsha ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri ina saa nyingi, ila karibu zote ni za jua kali la juu. Saa hizo zinafaa kwa somo la ndani. Jua likishazama watu wasifunge mizigo. Mara nyingi rangi bora ya mawingu huja dakika 10 hadi 20 baadaye, na ikifuatiwa na ule ubuluu wa magharibi picha hubadilika kabisa.

Mipangilio ya kamera ndiyo inayokula muda mwingi ufukweni, na mingi ingefundishwa siku moja kabla. Kwa mandhari, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/8 au f/11 hutosha; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukilibana hadi f/22 picha nzima hupoteza ukali, kwa sababu mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo. Kusimamisha wimbi hewani kunahitaji shata, yaani muda kamera inaofungua kupokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde au ya kasi zaidi. Kupata michirizi ya povu likirudi baharini kunahitaji nusu sekunde hadi sekunde moja, na kidole kibonyeze pale wimbi linapoanza kurudi, si linapofika. Sekunde 30 hugeuza bahari kuwa ukungu. Wanafunzi hukimbilia huo ukungu kwa kuwa unashangaza mara ya kwanza. Sisi tunaona nusu sekunde ndiyo inayofundisha, kwani inamlazimu mtu atazame wimbi lenyewe na kulisoma.

Kupunguza mwanga hutumika kichujio cheusi. Stopu ni kipimo cha mwanga: kila moja huupunguza kwa nusu au kuuongeza maradufu. Cha stopu 3 hupunguza mwanga mara 8, cha stopu 6 mara 64, cha stopu 10 karibu mara 1,000. Kwa hiyo kama bila kichujio kamera inataka 1/60 ya sekunde, cha stopu 6 kitakupa sekunde moja hivi. Kama inataka 1/30, cha stopu 10 kitakupa kama sekunde 34. Lenga fokasi (mahali picha inapotoka kali) kwanza, izime isijilenge yenyewe tena, ndipo ufunge kichujio. Ukianza na kichujio kamera haioni kitu na fokasi inatangatanga. Kwenye kamera yenye kioo ndani (DSLR), ziba kitundu cha kutazamia, la sivyo mwanga huingia kwa nyuma na kuacha doa. Ikiwa juu ya miguu mitatu, zima kituliza mtikisiko na tumia kichelewesho cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kichujio cha kuondoa mng'ao wa maji hufanya kazi zaidi ukisimama ubavu kwa jua, nyuzi 90. Kwenye lenzi pana sana huacha anga na baka jeusi upande mmoja, hivyo huko kivuliwe.

Povu jeupe na mchanga mweupe huidanganya kamera. Kipimo chake hutaka kila kitu kiwe kijivu, na picha hutoka nyeusi-nyeusi. Ongeza stopu 1 hadi 1 na theluthi mbili, kisha uangalie histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga, kwani picha kwenye skrini ya nyuma haisomeki juani. Jua likiwemo kwenye picha tatizo hugeuka: anga inaungua au miamba inazama gizani. Hili ni la zamani kama picha za bahari zenyewe. Katika miaka ya 1850, Gustave Le Gray wa Ufaransa alikuwa na kemikali zilizoona anga kwa ukali kupita bahari, basi akawa anapiga negativi mbili, ya anga na ya maji, na kuziunganisha katika chapa moja. Leo kamera hupiga picha tatu mfululizo zilizopishana stopu 2, zikaunganishwa baadaye. Ila mawimbi hayasimami, kwa hiyo maji yachukuliwe kwenye picha moja tu kati ya hizo. Na asitazame mtu jua kupitia kitundu cha kutazamia cha kamera yenye kioo, hasa kwa lenzi ndefu. Jicho huungua.

Wenye simu wasiachwe nyuma. Wafute lenzi ya simu, wabonyeze na kushikilia kidole kwenye skrini hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha wateremshe mwanga kidogo ili anga isiungue. Hilo peke yake hurekebisha nusu ya picha zao.

Chumvi ni adui wa taratibu. Marasharasha hutua kwenye lenzi bila kuonekana, na mtu akifuta kwa kitambaa kikavu anayapaka yakawa utando, au anaikwaruza kwa punje za mchanga. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kwa kingine. Kila mmoja awe na vitambaa vitatu au vinne. Lenzi isibadilishwe ufukweni. Anayetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi aache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa au zaidi, la sivyo unyevu utaganda juu ya lenzi wakati jua linachomoza. Kamera ikitumbukia baharini, toa betri papo hapo na usijaribu kuiwasha.

Miguu ya kamera ikunjuliwe kuanzia pingili ya chini kabisa, ile nyembamba, ili vifungio vibaki juu ya maji na mchanga. Isukume iingie mchangani mpaka igome. Hata hivyo wimbi likipita huchimba chini yake na miguu huzama kidogo, ndiyo maana picha ya sekunde 10 iliyopigwa mahali maji yanafika hutoka na kivuli cha pili. Subiri mawimbi mawili au matatu yaikalishe, ndipo upige. Ukifika nyumbani ioshe yote kwa maji baridi, ukifungua kila kifungio.

Kundi lina matatizo yake. Watu wanane wakifuata mgongo wa mkufunzi hupata picha moja nane. Afadhali wapewe maeneo, na anayekwenda mbali atangulie, akipita juu ya mchanga mkavu nyuma ya wenzake, wasije wakatia nyayo kwenye mchanga wa mwingine. Gizani, taa ya kichwani ya mmoja huharibu picha ya sekunde 30 ya watano; itumike nyekundu, na kabla ya kuwasha mtu aulize. Wavuvi na wanaookota chaza wako kazini: waombwe ruhusa kabla, na wakikataa lenzi igeuzwe.

Kuhusu usalama hatutaki kuficha maneno. Kabla ya mtu yeyote kushuka kwenye mwamba, kundi lote litazame bahari kwa dakika 20, kwa sababu mawimbi huja kwa mafungu, na makubwa huweza kufuata kimya cha dakika kadhaa. Mwamba uliolowa ni mwamba ambao wimbi limeshaufikia. Penye utando mweusi au wa kijani pasikanyagwe. Mgongo usipewe bahari. Awepo mtu mmoja asiye na kamera, kazi yake kutazama maji na saa tu. Mkufunzi hawezi kuwa yeye, kwa kuwa macho yake yako kwenye skrini za wanafunzi. Wimbi likija kubwa, kamera iachwe. Mtu akivutwa na mkondo wa kurudi baharini asipambane nao kuelekea nchi kavu, aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani yake. Wenzake wamtupie kitu kinachoelea badala ya kumfuata.

Siku ya pili iwe ya kuzitazama picha, kila mtu tano, zikiwemo mbili zilizoharibika. Zilizoharibika ndizo zenye somo: upeo ulioinama kana kwamba bahari inamwagika, doa la chumvi katikati ya jua, mwamba uliokatwa pembeni kwa nusu. Mwanafunzi aulizwe alisimama wapi na maji yalikuwa wapi.

Ombi letu kwa gazeti lako, Mhariri, ni dogo. Linapopokea tangazo la warsha ya namna hii, limtake mwandaaji aandike saa ya maji kujaa na kupwa siku hiyo, saa ya machweo au mawio, idadi ya wanafunzi kwa kila mkufunzi, na kama kuna mtu wa kutazama bahari. Ni mistari miwili tu chini ya tangazo.

Wasomaji wako,
Wakufunzi wa picha za mandhari ya bahari