Kioo "kisichovunjika" hakipo

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe neno moja katika makala yenu kuhusu madirisha ya kuzuia wezi. Mmeandika zaidi ya mara moja kwamba kuna "kioo kisichovunjika". Mimi ni fundi wa vioo, na kioo hicho sijawahi kukikata wala kukifunga. Vyote huvunjika. Kinachopimwa maabara ni kama mtu atapata tundu la kupita hata baada ya kioo kuvunjika, na kwa mapigo mangapi.

Chukua kipimo cha Ulaya, EN 356. Kioo hulazwa na kubanwa kwenye fremu, kisha huangushiwa tufe la chuma la kilo nne na ushee. Kwa daraja la chini, P1A, tufe hudondoshwa mara tatu kutoka mita 1.5. P4A ni mara tatu pia, ila kutoka mita 9. P5A kimo ni hichohicho, lakini mara tisa. Kioo kitapasuka kiwe kama utando wa buibui na hakuna atakayejali. Kimefeli pale tu tufe linapopenya upande wa pili. Kuanzia P6B tufe huwekwa kando, ikaja mashine ya nyundo na shoka, na mapigo huhesabiwa hadi likatike tundu la mraba la milimita 400 kwa 400. P6B inataka yasipungue 30. P8B yazidi 70.

Siri ya kioo cha tabaka, kinachofaulu vipimo hivi, iko katikati: vioo viwili au zaidi vimegandishwa kwa utando wa plastiki, na utando ndio unaogoma. Ndiyo maana nilisikitika kuona mmekiweka kioo cha tempa, yaani kioo kimoja kilichoimarishwa kwa moto, kwenye kundi hilo. Tempa huvumilia kitu butu, lakini kiguse kwa ncha kali, chote kinamwagika kama chumvi ya mawe. Kimetengenezwa ili anayekiangukia asikatwekatwe. Mwizi naye hufurahi.

Fremu hamkuigusa kabisa. Kuna nyumba niliitwa asubuhi baada ya wizi. Kioo cha tabaka, kizuri, kilikuwa kimeegemezwa ukutani bila mkwaruzo. Fundi aliyenitangulia alifunga vijiti vya kushikilia kioo upande wa nje. Mwizi akavibandua kwa bisibisi, akakitoa kwa adabu zote. Kwa balaa kama hilo kuna kipimo kingine, EN 1627, kinachojaribu dirisha zima, fremu na komeo zake, mtu akilishambulia kwa zana huku saa ikihesabu: dakika 3 kwa daraja la RC2, dakika 5 kwa RC3. Cheti cha kioo peke yake hakisemi lolote kuhusu hayo.

Mkiirudia mada hii, wapeni wasomaji majina ya madaraja hayo wamuulize muuzaji, asiwapoze kwa "hiki ni kinene, usijali". Na fundi wamuulize vijiti vitakaa upande gani.

Fundi vioo